Miguu ya mtoto ikikutia wasiwasi: kifundo sio matege jamani

Kila nikiweka status kijana wangu anacheza mpira lazima mama mmoja anifate inbox kuniuliza ule mguu aliozaliwa nao umepinda ulinyookaje, na akianza kunielezea wa kwake nagundua watu tunachanganya vitu viwili ambavyo havina undugu: matege, yani magoti kuachana, na kifundo, yani unyayo kuzaliwa umegeukia ndani. Mwenye mtoto wa miezi kumi mwenye matege halali usingizi, anazunguka kwa waganga na kwa madaktari, halafu mwenye kichanga cha wiki mbili ambacho unyayo umegeukia ndani kaambiwa atulie utajinyoosha. Ilitakiwa iwe kinyume chake. Wa matege mara nyingi ndo wa kusubiri, wa kifundo ndo wa kupelekwa hospitali wiki hii hii.

Sasa utajuaje? Mtoto kakaa miezi amejikunja tumboni kwaiyo wengi wanatoka na miguu iliyopindapinda kidogo, hiyo isikutishe. Shika unyayo wake taratibu, bila kutumia nguvu, ujaribu kuurudisha ukae sawa na muundi. Ukija wenyewe mpaka ukanyooka, ni mkao wa tumboni tu, mwonyeshe nesi siku ya kliniki basi. Ila ukiwa mgumu, haurudi, kisigino kimepanda juu, unyayo unamtazama mwenzake, na kuna mkunjo mzito katikati ya unyayo au nyuma ya kisigino, hicho ni kifundo, na kifundo hakikandwi kikatoka hata ukikande mpaka mtoto aanze chekechea.

Kwangu ulikuwa mguu wa kulia. Nilipojifungulia niliambiwa "mkande na maji ya moto mama, utakaa sawa", tukarudi nyumbani, mama mkwe akaleta mafuta ya nazi, jirani akaja kumwona mtoto akaangalia mguu akaniangalia na mimi, akaniuliza kwa upole kabisa eti kipindi cha mimba nilimcheka nani, maana hujafa hujaumbika. Mwingine akawa na lake la kubemenda. Yani mzazi umetoka kushonwa, maziwa hayajafunguka vizuri, halafu unakaa kujikagua ulimcheka nani! Aliyenitoa hapo ni wifi yangu, nilimtumia picha WhatsApp akapiga hapohapo, "wifi, huo mguu sio wa kukanda, mpeleke kwa wanaotibu miguu ya watoto kesho asubuhi."

Ukweli ni kwamba karibu mtoto mmoja kwa kila elfu moja anazaliwa hivi, wa kiume ni kama mara mbili ya wa kike, na karibu nusu yao inakuwa miguu yote miwili. Sababu yake haswa bado haijulikani, wakati mwingine inatembea kwenye ukoo. Sio chakula ulichokula, sio mtu uliyemcheka, sio baba yake katoka nje. Mkimaliza kulaumiana mtoto atakuwa ameshaongeza mwezi mzima bure.

Matibabu yake yanaitwa Ponseti, jina la daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa kule Marekani, Ignacio Ponseti, ndo maana tarehe 3 Juni, siku aliyozaliwa, inaadhimishwa duniani kama siku ya kifundo. Sio operesheni kubwa. Daktari au fizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anaushika mguu, anaunyoosha kidogo kwa mikono, anaufunga POP, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja goti likiwa limekunjwa, wiki ijayo inatolewa anaunyoosha tena kidogo, inafungwa nyingine. Wengi inawachukua POP tano mpaka saba hivi. Unyayo ukishageuka, kwa watoto wengi kisigino kinakuwa bado kiko juu, hapo wanakata ile kano ya nyuma ya kisigino kwa ganzi, kajeraha kadogo sana, wanafunga POP ya mwisho ya wiki tatu na kano inaunga yenyewe ikiwa ndefu zaidi. Nikisikia neno kukata nilitaka kukimbia na mtoto wangu, lakini ilichukua dakika chache na akanyonya akalala.

Kwa Dar wengi tunaelekezwa hospitali ya CCBRT Msasani au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kaskazini kuna hospitali ya KCMC Moshi, ndugu zetu wa Kenya wana hospitali ya Kijabe. Uliza kabla ya kukata tamaa kuhusu hela, maana sehemu nyingi matibabu haya yana mradi unaosaidia.

Mambo ya POP ambayo hakuna aliyeniandaa nayo: kwetu tulikuwa tunaambiwa tuilowanishe nyumbani kabla ya kwenda. Unamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unamwagia na kikombe, unatafuta ncha ya bandeji unaanza kufungua mzunguko kwa mzunguko, maji yanakuwa meupe kama uji, na kamguu kanatoka kembamba, kanabanduka ngozi, kana harufu. Usilie. Ndo nafasi pekee ya wiki ya kukaosha vizuri, kasugue na kitambaa laini, mwache arushe mguu kidogo afurahi. Ila usitoe jana yake, mguu ukikaa wazi usiku mzima unaanza kurudi. Wiki inayoendelea kazi yako ni vidole: minya kidole gumba kiachie, rangi inatakiwa irudi haraka. Vidole vikiwa vya baridi, vimevimba, vimebadilika rangi au mtoto analia asinyamazike, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na vidole vikianza kupotelea ndani ujue POP imeteleza, inambana vibaya, rudi pia. Pampasi iishie juu zaidi ya mdomo wa POP, isiufunike, usiku na mchana, la sivyo mikojo itaingia humo mtajuta nyie wote.

Lakini POP ni rahisi mwenzangu. Ngoma iko kwenye viatu. Mguu ukishanyooka mtoto anapewa viatu viwili vimeunganishwa na chuma, anavaa saa 23 kwa siku miezi mitatu, hiyo saa moja ni ya kuoga, halafu baada ya hapo anavaa akilala tu, usiku na mchana akipiga usingizi, mpaka afike miaka minne au mitano. Miaka! Na hapa ndo wengi wanaanguka, mguu unaonekana mzuri, mtoto analia usiku, bibi anasema "mnamtesa mjukuu wangu", mnavua leo, mnavua kesho, na mguu unarudi. Viatu visipovaliwa ndo sababu kubwa ya kifundo kurudi.

Zile siku za mwanzo atalia kwa sababu hajazoea kurusha miguu yote kwa pamoja. Shika kile chuma umsukumie magoti akunje na kunyoosha, mfanye mchezo, akishajua atatulia. Mvishe soksi za pamba zisizo na mishono ya kukwaruza. Mkanda wa katikati ukaze kwanza, hakikisha kisigino kimegusa chini, ndo ufunge mingine. Ukiona wekundu usipake losheni, losheni inalainisha ngozi inazidi kuchubuka, wekundu usipoisha rudi wakurekebishie. Na kile chuma kizungushie kitambaa kinene, utanishukuru siku atakapokutandika nacho usoni saa tisa usiku. Sisi tulikubaliana nyumba nzima, dada wa kazi mpaka babu, anayevua viatu ni mimi au baba yake tu, basi.

Turudi kwa wa matege. Mtoto chini ya miaka miwili magoti kuachana ni kawaida kabisa, hayaletwi na pampasi wala kubebwa mgongoni. Kubebwa na kanga miguu ikiwa imetanuka ni kuzuri kwa nyonga zake, kinachoharibu ni kumfunga miguu imenyooka imebana kama mzigo. Akifika miaka mitatu minne unaweza kuona magoti sasa yanagongana, nayo kawaida, mpaka kwenye miaka saba hivi inakuwa imekaa sawa. Mpige picha amesimama wima kila baada ya miezi kadhaa ulinganishe, macho ya kila siku yanadanganya.

Wa kupeleka ni yule aliyepita miaka miwili na yanaongezeka, au mguu mmoja ndo umepinda zaidi ya mwenzake, au anachechemea, analalamika maumivu, harefuki. Huyo apimwe damu na eksirei, inaweza kuwa ukosefu wa vitamini D au kalsiamu, hasa hawa wanaoshinda ndani ya fleti jua wanalionea dirishani.

Na nyie wa Arumeru, Arusha, mnajijua, Maji ya Chai na huko chini ya Meru. Maji ya kule mengi yana floraidi nyingi, ndo hiyo inayotia meno rangi ya kahawia na ikizidi inapinda mifupa ya watoto, na magadi ya kuivishia makande yanaongezea. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kwa mtoto tafuteni maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ile teknolojia ya kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto.

La mwisho mnaloniuliza sana, atachelewa kutembea? Wa kifundo anaweza kuchelewa kidogo kwa wenzake, wangu alichelewa, lakini mtoto yeyote akifika mwaka mmoja na nusu hajatembea mpeleke akaonekane. Msimzike mchangani mpaka kiunoni, haisaidii mifupa. Na kile kigari cha kutembelea hakifundishi kutembea, kinafundisha kugonga meza na kuporomoka kwenye ngazi, cha kwangu naanikia nguo.