Funza Wanajuaje Siku Aliyofariki Mjomba?

SWALI: Salamu, mama. Mjomba wetu alipatikana ndani ya shamba la miwa, mwili ukiwa umeanza kuharibika. Kabla ya kumpeleka mochari, maafisa waliokota funza na kuwatia kwenye vichupa. Ripoti inasema alifariki "angalau siku tatu" kabla ya kupatikana. Shangazi anaona marehemu alidharauliwa. Nami nauliza, kwa nini "angalau"?
Msomaji, Muhoroni

JIBU: Poleni sana, mwanangu, na shangazi mpe pole zangu. Nimefanya kazi ya maabara hapa Kisumu hadi nikastaafu, na funza hao nimewashika sana. Mwambie ndugu yake hakudharauliwa. Wangeoshwa wakamwagwa, mngebaki kukisia tu.

Nzi wa kijani huweza kufika dakika chache baada ya mtu kukata roho. Hutaga machoni, puani, mdomoni au kwenye jeraha. Funza akitoka hupitia hatua tatu, na ukitaka kujua yuko hatua gani, mtazame nyuma, si kichwani. Huko ana vitundu viwili vya kupumulia. Chini ya darubini, kila kitundu kina ufa mmoja akiwa mchanga, nyufa mbili akikua, na tatu akishanenepa, akikaribia kuuacha mwili akajifukie udongoni awe pupa, yaani ajifunge ndani ya ganda kabla ya kuwa nzi.

Kinachomkuza haraka ni joto. Kwenye nyuzi 27 hivi, mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Kukiwa na baridi yanakawia. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo funza wa nyufa tatu wa huko kwa kawaida ana siku nyingi kuliko mwenzake wa tambarare ya Kano, huku kwetu Kisumu kwenye joto.

Sasa hiyo "angalau". Umri wa funza unahesabiwa tangu nzi alipotaga, si tangu mtu alipofariki. Usiku nzi kwa kawaida hawatagi, mvua kubwa huwazuia, na mwili uliofunikwa blanketi huwachelewesha. Mjomba akiwa alifariki jioni, huenda mayai yalitagwa asubuhi yake. Anayeandika saa kamili bila "angalau" mimi simwamini.

Hata hivyo ushahidi huu una uzito. Mwaka 1935, miili ya wanawake wawili ilipatikana Uskoti karibu na Moffat. Funza walikadiriwa kuwa na siku 12 hadi 14, zikalingana na siku walizotoweka, na hilo likasaidia kumtia hatiani daktari Buck Ruxton.

Nendeni mkaulize kama joto la pale shambani lilipimwa, na kama baadhi ya funza walifugwa hadi wakawa nzi. Funza wa aina tofauti hufanana mno, na kila aina ina mwendo wake. Nzi mzima ndiye rahisi kumtambua. Wale wa kuhifadhiwa hutiwa kwanza maji ya moto, kisha spiriti, wasisinyae. Nanyi waelezeni maafisa alionekana mara ya mwisho saa ngapi, na kama miwa ile ilikuwa imepuliziwa dawa ya wadudu.