Maswali ya Wasomaji: Dola za Kutafiti Uzee Zinakwenda Wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tukuyu. Kijana wangu anayefanya kazi Marekani hukatwa dola kumi kila mwezi kuichangia taasisi moja ya California inayotafiti uzee. Nilipomuuliza taasisi hiyo inawatunza wazee wangapi, alinijibu kwamba haina hata mzee mmoja. Hapa Rungwe ninao majirani wa umri wangu wanaoshindia ndizi za kuchemsha na chai isiyo na sukari. Nifafanulie tafadhali: shirika linalojiita lisilotafuta faida linawezaje kuwa na majengo ya fahari, mamilioni benki na wanasayansi wenye mishahara minono, kisha likaendelea kuomba? Nami nitajuaje kama kijana haibiwi? — *Mwalimu mstaafu, Tukuyu*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Barua yako haikutaja taasisi anayoichangia kijana, kwa hiyo nitajibu kwa mfano wa taasisi moja ya huko huko California ambayo historia ya fedha zake iko wazi, nayo ni Buck Institute for Research on Aging, iliyoko mji wa Novato, kaskazini ya San Francisco. Ukishaielewa hiyo, nyingine utaipima mwenyewe.

Kwanza niondoe tatizo la lugha. Tumezoea kusema "shirika lisilotafuta faida", tukaishia kuamini kwamba shirika la namna hiyo lazima liwe fukara, na kwamba likibakiza senti mwisho wa mwaka limekosea. Maana yake kisheria, Marekani na hata hapa kwetu, ni kwamba ziada haigawiwi kwa mtu yeyote kama gawio, bali inabaki ndani ya shirika na kuendeleza kazi iliyoandikwa katika katiba yake. Mimi ningependelea tuseme "lisilogawana faida". Mshahara wa mtafiti si mgawo wa faida, ingawa mshahara uliopitiliza unaweza kugeuzwa njia ya kugawana kwa siri, na hilo nitalirudia.

Sasa mamilioni. Mwaka 1975 alifariki mjane mmoja aitwaye Beryl Buck, aliyepata kuwa muuguzi, ambaye mumewe alikuwa daktari na hawakubahatika kupata mtoto. Aliishi Marin, wilaya yenye matajiri wengi kuliko nyingi za Marekani, na wosia wake ulielekeza kwamba mali yake itumike kwa wahitaji na kwa kazi nyingine za hisani ndani ya Marin. Mali yenyewe ilikuwa hisa za kampuni ya mafuta ya Belridge, zilizokadiriwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 10. Miaka minne baadaye, mwaka 1979, kampuni ya Shell iliinunua Belridge kwa dola bilioni 3.65, na fungu la marehemu likapanda hadi kupita dola milioni 250. Wadhamini wa mali hiyo, San Francisco Foundation, walikwenda mahakamani mwaka 1984 kuomba ruhusa ya kupeleka sehemu ya fedha katika wilaya jirani zenye maskini wengi zaidi, kwa hoja kwamba marehemu hakuwaza kwamba hisa zake zingefika huko. Kesi ilivuma nchi nzima. Mwaka 1986 wadhamini walijiondoa na ombi lao likakataliwa, wosia ukabaki kama ulivyoandikwa. Fedha zikakabidhiwa kwa Marin Community Foundation, na sehemu ya mapato yake ikatengewa miradi michache mikubwa iliyopaswa kukaa Marin lakini manufaa yake yakavuka mipaka yake. Mmoja wa miradi hiyo ndiyo taasisi ya utafiti wa uzee, ambayo ilifungua milango mwaka 1999 katika majengo yaliyochorwa na I. M. Pei, msanifu yule yule wa piramidi ya vioo iliyo mbele ya makumbusho ya Louvre huko Paris.

Nimeirefusha habari hiyo kwa sababu jibu lako limo humo. Fedha za aina ile tunaziita wakfu, na wakfu haukuwekwa ili uliwe wote. Unawekezwa, na kinachotumika ni sehemu ya mapato yake, ambayo kwa mifuko mingi ya Marekani huwa asilimia 4 au 5 ya thamani yake kwa mwaka. Taasisi inaweza basi kuonekana tajiri kwenye karatasi na bado mkurugenzi wake akakosa fedha za kununulia mashine moja. Naye akitamani kuwapelekea majirani zako wa Rungwe mfuko wa unga, hana mamlaka hayo.

Miaka michache iliyopita niliombwa kukagua daftari la kikundi kimoja cha akina mama huku Uyole. Mfadhili aliwapa fedha za tangi la maji. Mvua za Machi zikaezua ghala lao la viazi, na mhazini, mama mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, akachukua fedha zile akanunua mabati. Risiti zote zilikuwepo, zimebanwa kwa mpangilio wa tarehe, hadi ile ya misumari na ya bodaboda aliyeipeleka. Hakuna hata shilingi mia iliyopotea. Mfadhili alipokuja aliangalia bati jipya, akauliza tangi liko wapi, na yule mama akainamisha kichwa. Niliandika kwa biro nyekundu pembeni ya ukurasa: "Fedha haikuibwa, imehamishwa bila idhini." Kikundi kilinyimwa awamu ya pili.

Taasisi ya utafiti ina matangi mengi ya namna hiyo, yaani fedha zilizokwisha kupangiwa kazi. Mbali na wakfu, zipo ruzuku za serikali, ambazo kwa utafiti wa uzee hutoka hasa katika taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1974 chini ya NIH, chombo kikuu cha serikali yao cha utafiti wa afya. Mwanasayansi huandika andiko la mradi, wenzake hulichambua, na akishinda fedha huja zikiwa na jina lake, jina la mradi na muda wa kuisha. Mara nyingi mshahara wake mwenyewe umo humo, hivyo akikosa ruzuku kwa miaka kadhaa, hata maabara yake inaweza kufungwa. Juu ya ruzuku huongezwa asilimia ya gharama za pamoja, yaani umeme wa majokofu yanayohifadhi sampuli katika nyuzi 80 chini ya sifuri, wahasibu, walinzi, na watu wanaolisha panya siku ya Krismasi. Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba asilimia hiyo isizidi 15 kwa taasisi zote, ilhali nyingi zilikuwa zikipewa zaidi sana ya hapo. Taasisi zikakimbilia mahakamani, na mahakama ikazuia agizo hilo. Ninalitaja kwa sababu wachangiaji wengi hupenda shirika linalojisifu kwamba halitumii kitu kwa uendeshaji. Mimi nikisikia hivyo huwa najiuliza umeme wa majokofu wameuandika kwenye mstari gani.

Dola kumi za kijana wako, Mwalimu, ni fedha ya aina ya tatu. Ni ndogo, dola 120 kwa mwaka, lakini pengine ndiyo fedha pekee isiyo na masharti, isipokuwa kama aliichagulia mradi maalumu. Ndiyo inayoweza kumlipia mtafiti kijana jaribio la kwanza, lile ambalo bado halina ushahidi wa kutosha kushindania ruzuku ya serikali. Kwa sababu hiyo taasisi yenye mamilioni huendelea kuomba.

Kuhusu wizi: mwambie kijana atafute Fomu 990 ya taasisi hiyo. Mashirika ya hisani ya Marekani, ukiacha makanisa na madogo sana, huiwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na sheria inataka iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuiona. Asome ya miaka mitatu mfululizo, maana mwaka mmoja hudanganya. Atakuta matumizi yamegawanywa katika kazi yenyewe, uongozi na uchangishaji. Atakuta majina na malipo ya viongozi na wanaolipwa zaidi. Na atakuta swali kama shirika limefanya biashara na wajumbe wake wa bodi au ndugu zao. Hapo kwenye biashara na ndugu ndipo mimi huanzia. Mshahara mkubwa wa mwanasayansi ambaye chuo kikuu au kampuni ya dawa ingemlipa zaidi haunishtui. Kinachonishtua ni kampuni ya mjumbe wa bodi kuuza huduma kwa shirika.

Aangalie pia kama mapato yanategemea watu wachache. Ilikuwepo taasisi nyingine ya uzee huko huko California, SENS Research Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo mmoja wa waasisi wake, Aubrey de Grey, aliichangia takriban dola milioni 13 kutoka urithi wa mama yake, na mwaka 2021 ikapokea zaidi ya dola milioni 20 kutoka kwa wachangiaji wa sarafu za kidijitali. Fedha kama hizo ni mvua ya mawe kwenye shamba la chai: zinashuka kwa wingi na kwa ghafla, na huwezi kupangia bajeti ya mwaka unaofuata kwa kuzitegemea. Mwaka 2024 taasisi hiyo iliungana na nyingine, Lifespan.io.

Hoja yako juu ya wazee wa Rungwe sitaipinga. Kutafiti uzee na kutunza wazee ni kazi mbili tofauti, na taasisi haikosei kwa kutofanya ile ambayo haikuahidi. Lakini hakuna kinachomzuia kijana kuzigawa zile kumi, tano zikaja kwako, wewe ukajua ni mlango gani wa kubisha hodi.

SWALI: Nimekuwa muuguzi Iringa kwa miaka 22. Kila mwaka tunasikia dawa ya kuchelewesha uzee iko karibu. Fedha zote hizo, dawa iko wapi? — *Muuguzi, Iringa*

JIBU: Dawa moja unaigawa mwenyewe kliniki kila wiki, Sista. Metformini, ambayo wagonjwa wako wa kisukari wanaimeza, imewapa watafiti matumaini kwamba huenda ikachelewesha maradhi kadhaa ya uzeeni kwa pamoja. Jaribio kubwa la kuthibitisha hilo, liitwalo TAME, limeandaliwa kwa watu 3,000 wa umri wa miaka 65 hadi 79, wafuatiliwe kwa miaka sita, na mtafiti Nir Barzilai amelihangaikia kwa muda mrefu. Gharama yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 30 na 50, na hapo ndipo lilipokwama. Hataza ya dawa hiyo iliisha zamani, kila kiwanda kinaweza kuitengeneza, kwa hiyo hakuna kampuni itakayotoa mamilioni kuthibitisha faida ambayo washindani wake wataichuma bure. Kazi za namna hiyo, zenye manufaa kwa wengi na zisizomtajirisha mtu, ndizo zinazozihitaji taasisi za hisani.

Dawa nyingine ni rapamaisini, iliyopatikana kwenye vijidudu vya udongo wa kisiwa cha Pasaka. Mwaka 2009 maabara tatu za Marekani zilitangaza kwamba panya waliopewa dawa hiyo wakiwa tayari wazee, sawa na binadamu wa miaka 60 hivi, waliishi zaidi, majike kwa asilimia 14 na madume kwa asilimia 9. Kwa binadamu dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili na hutolewa kwa waliopandikizwa figo, kwa hiyo mtu asiinunue kwa kusoma gazeti.

Kushindwa nako kupo. Kampuni ya Unity Biotechnology, iliyotokana kwa sehemu na kazi ya Judith Campisi wa Buck, iliingia soko la hisa mwaka 2018, na mwaka 2020 dawa yake ya magoti yanayouma ikaonekana haina nafuu kuliko sindano isiyo na dawa. Kwa hiyo taasisi ikikuambia kwamba hisa zake katika kampuni fulani ndizo zitakazoilisha kesho, omba uone kinachoilisha leo.

SWALI: Tuko wastaafu 14 Makambako, wakiwemo tabibu na maofisa kilimo. Tunataka kusajili taasisi ya kutafiti maisha ya wazee wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni mhazini. Nianzie wapi? — *Mhazini, Makambako*

JIBU: Usajili ni kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, na maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu watawaelekeza. Utafiti wowote wa afya unaohusu binadamu unahitaji kibali cha maadili. Ulizeni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo ina kituo Mbeya kinachojulikana kwa tafiti za VVU na kifua kikuu, na kaeni na watu wake mapema kabla hamjaandika andiko lolote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, tumieni kipimo hicho ili takwimu zenu zilinganishwe na za wengine.

Kwa daftari lako, ndugu Mhazini, fungua ukurasa wa kila mfadhili peke yake, na juu ya ukurasa, kabla ya kuandika kiasi, nakili neno kwa neno sentensi ya barua yake inayosema fedha ni za nini. Siku bati zikiezuliwa, mwandikie kwanza umwombe ruhusa, ukae na jibu lake mkononi ndipo uende dukani.