Jibu: Kutambua tabaka la poromoko kwenye mashapo ya ziwa

Ndugu, umeuliza tabaka la poromoko la tope na mawe linatofautishwaje na la mafuriko ya kawaida katika ziwa la mlimani.

Pasua kwa urefu bomba ulilochimbulia mashapo, yaani tope na mchanga uliotua chini ya ziwa, kisha pitisha kisu taratibu. Tope la kila siku ni laini na la rangi nzito. Ghafla kisu kinakwaruza: changarawe zenye kona kali, kubwa na ndogo zimechanganyika ovyo. Hapo shuku poromoko. Mafuriko kwa kawaida hupanga chembe, kwa kuwa maji huzitua kwa zamu.

Ila poromoko likifika kilindini huwa limeshachanganyika na maji, nalo huacha tabaka lililopangika vilevile. Kwa hiyo bomba moja halitoshi kabisa! Chimba kadhaa, kuanzia mdomo wa korongo linaloingia ziwani kwenda katikati ya ziwa.

Kuhusu umri, pima kaboni-14 (kaboni yenye mnururisho, ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita) kwenye jani la nchi kavu lililo juu kidogo au chini ya tabaka. Usichukue gogo lililo ndani yake, maana poromoko hukokota miti iliyokufa zamani. Kwa tabaka za karibuni, tumia siziamu-137, chembe zenye mnururisho zilizotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia: hufikia kilele kwenye tope la mwaka 1963.