Usianzie barazani: kwa anayetafiti wakulima wa mwani Micheweni

Mdogo wangu, umesema sheha, mkuu wa shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar), amekupa orodha ya kaya, na unauliza kama inatosha kuonesha nani anaachwa nyuma katika kilimo cha mwani huko Micheweni, Pemba. Haitoshi. Anza nayo kwa heshima, maana bila sheha huingii shehia ya watu, na kibali cha utafiti uwe nacho mkononi. Lakini orodha ya kaya humtaja mkuu wa kaya, aghalabu mwanamme, ilhali wanaoshinda na maji kiunoni wengi wao ni wanawake.

Ukikaa barazani utawasikia wanaume tu. Wanawake wafuate wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wako pwani, hawana nafasi ya dodoso lako. Kisha usiulize kaya inapata kiasi gani ukatosheka. Uliza nani anazishika pesa, nani anaamua, chombo cha baharini ni cha nani. Hapo ndipo penye utafiti wenyewe: aina ya mwani iitwayo kotonii ina bei kuliko ile ya spinosamu, lakini haihimili joto la maji ya kina kifupi, hustawi zaidi kwenye kina kirefu. Asiye na chombo wala hajui kuogelea hubaki na mwani wa bei ndogo. Pengo hilo wastani wa kipato hauoneshi kabisa.

Na tafadhali, mwenye ulemavu ajibu mwenyewe, asijibiwe maswali na nduguye. Kiziwi mtafutie mkalimani wa lugha ya alama. Bajeti ikibana, punguza madodoso, usimwache yeye. Matokeo yarudishe shehiani kwa mdomo, wanawake wakiwapo.