Jibu: Kupiga Dionysiaques bila sarusofoni

Salaam, ndugu. Umeuliza namna ya kupiga Dionysiaques, muziki wa bendi wa mtunzi Mfaransa Florent Schmitt, ilhali bendi yenu haina sarusofoni (ala ya shaba inayopulizwa kwa mwanzi pacha) wala saksihoni (ala za shaba za jamii ya tuba). Kwanza kabisa, tazama jalada la nota zenu: likiwa na jina la Guy Duker, kazi hiyo imekwishafanywa, kwani yeye aliupanga upya kwa bendi za kisasa. Zikiwa za asili, kumbuka kwamba Schmitt aliutunga mwaka 1913 kwa ajili ya Garde Républicaine ya Paris, bendi kubwa mno, na kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia haukusikika hadharani hadi 1925.

Sehemu ya sarusofoni mimi humpa mpiga kontrafagoti, yaani fagoti kubwa ya sauti nzito kabisa. Akikosekana, klarineti ya besi. Msiiongeze kwenye tuba, maana ule mwanzo wa polepole unatambaa chini kabisa, na tuba zikizidi, sauti zote zinakuwa uji mzito. Sehemu za saksihoni zichukuliwe na yufoniamu, ile ala ya shaba inayofanana na tuba ndogo. Hukutaja idadi ya klarineti zenu, nami naomba uitaje, kwa sababu ndizo zinazobeba mbio za sehemu ya mwisho, na hapo ndipo bendi nyingi hukwama.