Maswali ya Wasomaji: Mbele Kuna Mwanga, Nyuma Kuna Giza

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu taa za magari, hasa zile za mchana zinazojiwasha zenyewe. Tumeanza na barua ya Mufindi, na jibu lake ni refu kuliko mengine, kwa sababu jambo lililompata mwandishi wake linaweza kumpata kila anayeendesha gari la miaka ya karibuni.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Nimenunua gari dogo lililotumika, lililotengenezwa mwaka 2019 na kuletwa kutoka Japani. Nikiwasha injini tu, taa nyeupe za mbele huwaka zenyewe, na dashibodi nayo hung'aa, kwa hiyo sikuwa na desturi ya kugusa swichi ya taa. Asubuhi moja nilitoka Mafinga kwenda Iringa katika ukungu mzito. Nilipoegesha, dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu alinifuata akiwa na hasira, akaniambia kwamba amenusurika kunigonga kwa kuwa gari langu halikuwa na taa hata moja nyuma. Fundi amekagua balbu na fyuzi, zote ni nzima. Tatizo ni nini? (Msomaji, Mufindi)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana, na tunashukuru kwamba mambo yaliishia kwenye maneno. Gari lako ni zima, na fundi wako hakukosea. Taa unazoziona zikijiwasha ni taa za mchana, na katika magari mengi taa hizo huwaka mbele tu. Taa nyekundu za nyuma hubaki zimezimwa mpaka wewe mwenyewe uwashe taa ndogo au taa kubwa, au mpaka gari likuwashie lenyewe ikiwa swichi iko kwenye AUTO, yaani mahali pa kujiwasha, na sensa, kifaa kinachopima mwanga wa nje, imeona giza.

Taa za mchana zilianzia nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako wakati wa baridi jua hukaa chini sana na mwanga wa mchana huwa hafifu kwa miezi mingi. Sweden ilizifanya kuwa lazima mwaka 1977, na Kanada ikayaagiza magari yote mapya yawe nazo kuanzia Desemba 1989. Umoja wa Ulaya ulifuata tarehe 7 Februari 2011 kwa aina mpya za magari madogo. Shabaha yake ni moja: mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli na dereva anayekuja kutoka mbele walione gari mapema, mchana, hali ya hewa ikiwa safi. Hazikukusudiwa kumulika barabara, wala hazikukusudiwa kumwonyesha chochote anayekufuata. Kanuni ya kimataifa inamruhusu mtengenezaji kuwasha taa za nyuma pamoja nazo, lakini haimlazimishi, na wengi wameziacha. Hoja yao ina uzito kwa kiasi fulani, kwa sababu mchana kweupe taa ya breki huonekana vizuri zaidi inapowaka kutoka kwenye giza kuliko inapoongeza tu wekundu uliokwisha kuwapo. Hoja hiyo inaishia pale ukungu au mvua kubwa inapoanza.

Kwetu jambo hili limechelewa kujulikana kwa sababu ya mahali magari yetu yanakotoka. Japani haikuruhusu taa za mchana za aina hii mpaka Oktoba 2016, kwa hiyo kwa miongo mingi magari yaliyoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hayakuwa nazo, na dereva alijua wazi kwamba bila kuzungusha swichi hakuna taa inayowaka, mbele wala nyuma. Magari yaliyotengenezwa baada ya hapo sasa ndiyo yanayoingia kwa wingi, hasa Kenya, ambako gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limezidi umri wa miaka 8. Dereva amebadilisha gari, lakini mazoea yake ni yale yale.

Kuna na suala la dashibodi. Katika magari ya zamani, vipimo vya mwendo na mafuta havikuwa na mwanga mpaka uwashe taa. Jioni ilipoingia hukuweza kusoma mwendo wako, na giza hilo la dashibodi ndilo lililokukumbusha kunyoosha mkono kwenye swichi. Dashibodi za leo ni vioo vya elektroniki vinavyowaka tangu injini inapowashwa. Ukichanganya mwanga huo na weupe wa taa za mchana unaougonga ukuta au bampa la gari la mbele, dereva makini kabisa anaweza kuamini kwamba taa zake zote zinawaka. Kanada, ambayo imeishi na taa hizi kwa muda mrefu kuliko nchi nyingi, ililiona tatizo hilo kwa upana kiasi cha kutunga kanuni mpya: kila gari jipya linalotengenezwa kuanzia Septemba 2021 ama liwashe taa za nyuma pamoja na zile za mchana, ama lijiwashie taa zote giza linapoingia, ama liiache dashibodi gizani mpaka dereva awashe taa mwenyewe. Kwa maoni yetu njia ya kwanza ndiyo bora, na ingefaa mamlaka za viwango za Afrika Mashariki ziitazame kwa makini, maana haimtegemei mtu kukumbuka wala sensa kukadiria.

Tukitaja sensa, hapa ndipo tunapokuomba usome kwa utulivu. Huenda swichi yako ilikuwa kwenye AUTO asubuhi ile na bado taa za nyuma hazikuwaka, na hilo pia si ubovu. Sensa hupima wingi wa mwanga unaoingia kupitia kioo cha mbele. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inataka taa kubwa ziwake mwanga unaposhuka chini ya lux 1,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) na zizimike unapozidi lux 7,000, na kati ya viwango hivyo uamuzi ni wa mtengenezaji. Ukungu wa saa mbili asubuhi ni mweupe na unang'aa, kwa sababu jua liko juu yake na matone yake yanautawanya mwanga kila upande. Sensa huona mwanga wa kutosha na kuhesabu kwamba ni mchana, ilhali jicho la dereva wa lori haliwezi kuona zaidi ya mita chache mbele. Sensa haipimi umbali wa kuona. Kwa hiyo katika ukungu, vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa na mvua ya mchana, AUTO haikusaidii, na ni lazima uwashe taa kubwa kwa mkono wako, zikiwa zimeshushwa.

Jioni AUTO hufanya kazi vizuri zaidi, ila ihakikishe kabla ya kuitegemea. Egesha gari mchana, kinyume nyume, karibu na ukuta au kioo cha duka. Washa injini na uiweke swichi kwenye AUTO. Tafuta juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kitufe cheusi chenye umbo la nusu duara, kidogo kama kifungo cha shati. Katika baadhi ya magari sensa imebandikwa kwenye kioo chenyewe, nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Ifunike kwa kitambaa kizito na usubiri sekunde chache. Kwenye dashibodi itatokea alama ya kijani ya taa, na katika kioo cha kutazamia nyuma utauona ukuta ukigeuka mwekundu. Alama hiyo ya kijani ndiyo ya kuiamini kuanzia sasa. Isipowaka, hesabu kwamba nyuma yako ni giza. Wapo wanaoweka kitambaa cha mapambo au karatasi za maegesho juu ya sensa, na taa zao huwaka siku nzima, jambo lisilo na madhara makubwa. Wapo pia ambao sensa yao imeharibika na hawajui, na hao ndio tunaowahofia.

Uelewe pia kwamba huku kwetu machweo ni mafupi. Kule kanuni hizi zilikotungwa, jioni ya kiangazi huchukua muda mrefu kufifia. Karibu na ikweta, kutoka jua linapozama hadi giza la kuhitaji taa ni kama dakika 20 hivi, muda ambao dereva aliye kwenye foleni ya kutoka mjini anaweza kuumaliza bila kuzungusha shingo. Viakisi vyekundu vya kwenye bampa vitakusaidia kidogo, lakini viakisi havina mwanga wake vyenyewe. Hurudisha tu mwanga wa taa za anayekuja nyuma, na yeye akiwa amewasha taa za mchana peke yake, au akiwa juu ya baiskeli isiyo na taa, kinachorudi ni kidogo mno.

SWALI: Ninaishi Limuru, ambako ukungu ni wa kawaida. Gari langu lina swichi ya taa ya ukungu ya nyuma. Nikiiwasha, upande wa kulia huwaka taa nyekundu kali sana na upande wa kushoto hauwaki. Fundi ananiambia balbu moja imeungua na anataka nilipie taa nzima. (Msomaji, Limuru)

JIBU: Usilipe bado. Mwambie fundi afungue upande wa kushoto atazame kama kuna balbu na waya wake. Magari mengi yametengenezwa na taa moja tu ya ukungu nyuma, na kanuni ikiwa ni taa moja inataka iwe upande wa katikati ya barabara, yaani kulia kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda. Taa moja pia haichanganywi kwa urahisi na zile mbili za breki.

Ukali wake umekusudiwa. Taa ya kawaida ya nyuma inatakiwa itoe angalau kandela 4 (kandela ni kipimo cha ukali wa taa) na taa ya breki angalau 60, lakini taa ya ukungu ya nyuma huanzia kandela 150 na kufikia 300. Katika ukungu mzito inaokoa maisha. Usiku usio na ukungu inamtesa anayekufuata na kuifunika taa yako ya breki, hivyo asijue kama unapunguza mwendo. Ujerumani hairuhusu kuiwasha mpaka ukungu uwe umepunguza umbali wa kuona chini ya mita 50, na Uingereza hutumia kipimo cha mita 100. Chagua kipimo cha Waingereza kama kinakutuliza zaidi, lakini ukungu ukiisha, zima.

SWALI: Je, ni sahihi kuwasha hazadi mvua kubwa inaponyesha ili wanaonifuata wanione? Madereva wa mabasi hufanya hivyo. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Gari likiwa linatembea, hapana. Hazadi hutumia taa zile zile za indiketa, kwa hiyo ukizihitaji kuonyesha kwamba unahama njia au unakata kona, anayekufuata hawezi kukuelewa. Tena, katika mvua nzito hawezi kutofautisha gari linalotembea kwa kilomita 40 kwa saa na lori lililokufa katikati ya barabara, na kutofautisha hivyo ndiko anakohitaji kuliko kitu kingine. Taa kubwa zilizoshushwa huwasha na zile za nyuma, nazo zinatosha. Mvua ikizidi kiasi cha kutoiona barabara, toka kabisa nje ya lami, simama, ndipo uwashe hazadi.

SWALI: Nikiwasha indiketa, taa ya mchana ya upande huo hufifia au huzimika. Je, nina shoti? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huna. Taa hizo mbili zikikaribiana sana, weupe wa taa ya mchana huimeza rangi ya indiketa, kwa hiyo gari hupunguza au kuzima taa ya mchana ya upande huo kwa muda na kuirudisha indiketa inapozimika.

SWALI: Gari langu ni la mwaka 2008 na halina taa za mchana. Vijana wa hapa mtaani wanafunga vipande vya LED vya rangi ya buluu kwa bei nafuu, na pia hupaka taa za nyuma rangi nyeusi ili zipendeze. Mnashauri nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Tunakuomba uache yote mawili. Taa ya mchana inayokubalika ni nyeupe, ina mwanga wa kandela 400 hadi 1,200, na huzimika yenyewe taa kubwa zinapowashwa. Vipande vya mtaani havipimwi na mtu yeyote. Vingine ni hafifu kiasi cha kutoonekana juani, vingine humpofusha anayekuja. Rangi nyeusi kwenye taa za nyuma ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu taa yenye kandela chache tangu kiwandani ikinyimwa nusu ya mwanga wake haibaki na kitu cha kumwonyesha mwenye lori. Gari lako la 2008 halina upungufu wowote katika jambo hili. Ukiwa barabara kuu, washa taa kubwa zilizoshushwa hata mchana, na za nyuma zitawaka pamoja nazo. Wanaokuja watakufumbia na kukufumbulia vidole kukujulisha kwamba umesahau taa. Waitikie kwa mkono na uendelee na safari, taa zikiwaka.