Kabla hujakimbilia timu ya ubingwa

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja, beki wa kushoto, ninayemfundisha soka Jumamosi asubuhi alinijia na fomu mbili za usajili, amezikunja mfukoni. Timu moja imebeba kombe la mtaa mara mbili mfululizo na tayari ina mabeki watatu wa kushoto. Nyingine iko katikati ya jedwali, haina hata mmoja. "Kocha, si afadhali nikabebe kombe? Kombe halifutiki." Nikamwambia akae pale juu ya tairi, maana jambo hili nimelipitia mwenyewe.

Mimi nina medali moja. Tuliibeba hapa Eastlands, Nairobi, Desemba, mvua zimekwisha na vumbi limerudi. Fainali yote nilikuwa benchi, njumu nimezifunga kamba tangu saa saba. Refa alipopuliza kipenga cha mwisho nikatimka uwanjani na wenzangu, nikarukaruka, nikapigwa picha. Itazame picha hiyo: jezi yangu ndiyo pekee iliyo safi. Mama aliitundika medali sebuleni mpaka rangi ya dhahabu ikaanza kubanduka. Utepe wake sasa unafungia pazia la jikoni.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumetolewa nusu fainali, na siku hiyo nilicheza. Mwishoni kabisa kipa wetu alikuwa chini, mpira unaelekea wavuni, nikauzuia mstarini kwa uso. Si kwa kichwa, kwa uso. Pua ilivuja damu hadi kwenye soksi, mtu akanimwagia maji ya kunywa, nikarudi kucheza. Tulipoteza kwa penalti. Lakini leo nikipita kwa mama chapati naitwa Uso. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wananiita Uso. Sijawahi kusikia mtu akiniita Bingwa.

Ukidhani hayo ni ya vumbini tu, tazama ndugu wawili tunaowajua wote, wachezaji wa Kenya. McDonald Mariga alikuwa Inter Milan mwaka 2010 ilipobeba ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa Ulaya katika msimu mmoja. Fainali ile ya Madrid dhidi ya Bayern alikuwa miongoni mwa wachezaji wa akiba, na hakuingia. Mdogo wake, Victor Wanyama, alibeba ligi mara mbili na Celtic ya Scotland, lakini ukimtaja kwenye kinyozi chochote cha Nairobi, kinachokuja kwanza ni kile kichwa dhidi ya Barcelona, Novemba 2012, Celtic ikashinda 2-1. Bao moja, mechi ya makundi, halikuleta kombe lolote.

Simdharau Mariga hata kidogo. Alikwenda Inter akiwa na miaka 22, amekwisha kucheza misimu Parma, na alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Alikwenda kukaa na wakubwa akiwa tayari anajua kazi. Kijana wa miaka 17 akikaa benchi mwaka mzima anajifunza nini? Kubeba chupa za maji.

Hata hivyo kuna kitu ambacho kombe hufanya na bao haliwezi, na hapa ndipo nilipobadili mawazo kidogo nilipokuwa mtu mzima. Waulize wazee wa Kaloleni habari za Gor Mahia ya 1987. Walitoka sare 2-2 kule Tunis na Espérance, wakatoka 1-1 hapa Nairobi, wakachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kubeba kombe la bara. Mzee atakutajia kikosi kama anasoma rejista ya darasa: Austin Oduor "Makamu" nahodha, Peter Dawo, Tobias Ocholla "Jua Kali", anaendelea mpaka chai inapoa. Mwaka huohuo timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilifika fainali ya Michezo ya Afrika hapa hapa nyumbani, ikafungwa 1-0 na Misri. Mwombe mzee yuleyule akutajie kikosi hicho, utaona anavyoanza kubishana na jirani yake kwenye jina la nne. Kombe humbeba hata beki ambaye hakufunga bao maishani mwake. Likikosekana, kila mmoja anabaki na lake, kama analo.

Halafu yuko Joe Kadenge, mshambuliaji wa Kenya wa enzi za zamani. Muulize mtu yeyote Kadenge alibeba makombe mangapi, atakuna kichwa. Lakini ule msemo wa mtangazaji, "Kadenge na mpira", unasemwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanjani.

Kwa hiyo nilimshauri kijana hivi. Usiulize timu imebeba nini, uliza namba tatu, nafasi yako ya beki wa kushoto, mwaka jana ilichezwa na nani, na yuko wapi sasa. Kama bado yupo, ana miaka 20 na magoti mazima, utakuwa mtazamaji mwenye jezi. Kama ameondoka, nenda, na kombe likija utakuwa umelitolea jasho. Popote utakapokwenda, mwambie dada yako akurekodi kwa simu, kila mechi, hata ile mliyofungwa manne. Mimi sina hata sekunde moja ya siku ya uso. Na mkishinda, chochote mtakachoahidiwa kiandikwe wiki hiyohiyo, watu wakiwa bado wanaimba. Sisi tuliahidiwa njumu mpya na mtu aliyekuwa akitafuta kura. Alizipata kura. Njumu nilizochezea msimu uliofuata zilikuwa zilezile, nimezishona kwa uzi wa nailoni.

Akakunja fomu zake, akazirudisha mfukoni bila kuniambia atajaza ipi. Alipofika langoni akageuka.

"Kocha, na ile ya uso iliuma?"

"Nikipenga kamasi, mpaka leo."